Huteleza, Hutelezi

Kaptura yangu ya kwanza ya shule ilinipita magoti. Mama aliinunua Tanga mjini, akanivalisha palepale dukani, akanigeuza huku na huku, kisha akamwambia muuzaji, "Funga hiyohiyo. Atakua." Nilikwenda nayo darasa la kwanza imekazwa na mkanda wa baba uliotobolewa matundu mapya kwa msumari wa moto. Siku mwili wangu ulipoifikia, makalio yake yalikuwa yamekwisha kwa kusuguana na madawati.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, huku Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, nilinunua ubao wa kutelezea thelujini kwa hesabu ileile ya mama. Ulikuwa na urefu wa sentimita 163, mgumu kama mlango wa boma, pua ndefu, mkia mfupi, umechorwa mlima ambao mpaka leo sijaukanyaga. Niliupata kwa mtu, umetumika, kwa bei ya kutupa. Sikujiuliza kama unanifaa. Nilijisemea tu kwamba nitaufikia.

Neno lenyewe linanichekesha. Kwetu kuteleza ni ajali. Mtu huteleza kwenye matope ya masika, huteleza bafuni, ulimi humteleza mbele ya wakwe. Huku mtu hulipa fedha, huketi kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, hupandishwa mlimani kama mzigo wa katani, kisha huteleza kwa hiari yake hadi chini, akarudi kupanga foleni ateleze tena. Na ubao nao una mambo yake. Wa kwanza kwangu ulikuwa wa chuoni, wa kuandikia alifu na bee. Wa pili ulikuwa mweusi, wa shule. Wa tatu ni wa vijana wa mtaani, ambao wakisema wana ubao, maana yake wana njaa. Huu wa nne umenikuta mtu mzima, mwenye mvi zisizohesabika tena.

Kazi yangu ni ukalimani. Burlington na jirani yake Winooski zimepokea familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho kinachowavusha hadi kwa daktari. Mimi huketi katikati, mgonjwa kulia, daktari kushoto, nikihamisha maneno kutoka upande huu kwenda ule kama mbeba maji asiyetaka hata tone limwagike. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyofanya swali la kijana wa duka linikwame kooni.

Dukani nilipelekwa na mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, alikuja huku akiwa mdogo, na theluji kwake ni kama mchanga wa Raskazone ya Tanga kwangu. Msimu mzima alinitazama nikipigana na ile 163 kwenye mteremko wa wanaojifunza, mimi nikitaka kukata kona, ubao ukiendelea na safari yake. Usiku mmoja pale Bolton Valley, ambako taa huwashwa watu wakateleza hata baada ya jua kutua, alinishika mkono kuniinua kwa mara ya sijui ngapi, akasema, "Mjomba, usinichukie. Huo ubao ni wa mtu mwingine."

Sikumchukia. Niliona haya kidogo, kwa sababu huyo mtu mwingine nilimfahamu. Ni mimi wa miaka mitano ijayo, niliyekuwa nimeshamnunulia vifaa.

Kijana wa duka aliuliza mambo matatu: uzito wangu, namba ya buti, na natelezaje. Mawili ya kwanza niliyajibu bila kufikiri. La tatu aliliuliza kwa Kiingereza, nami kwa mazoea ya kazi nikaanza kulihamisha kichwani, na hapo ndipo lilipogoma. Kiswahili hakilipokei swali hilo mpaka kichague wakati. Unatelezaje, usiku huu? Utatelezaje, mambo yakikunyookea? Ungetelezaje, kama si goti? Au huteleza vipi, wiki nenda wiki rudi, atazame mtu asitazame? Hiyo hu- ni kiambishi cha ajabu. Hakibebi nafsi. Mimi huteleza, wewe huteleza, yule huteleza. Ukiondoa kiwakilishi, hakuna ajuaye ni nani anayesemwa. Na kwa kuwa hakina nafsi, hakina pa kujidai. Tena kimekaa karibu mno na aibu, irabu moja tu: huteleza, ndiyo desturi, hutelezi, hujui kitu.

Nikafungua mdomo, nikajibu kwa -ta-. Nitakwenda Stowe, nikasema, kwenye ule mlima Mansfield wenyewe. Nitapita katikati ya miti, kwenye theluji laini inayofika magotini. Nitapenda kasi. Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza msimu uliopita nilipanda mlimani mara ngapi, wapi, na saa ngapi. Mara 14. Bolton. Usiku, baada ya kazi, kwenye njia zenye alama ya kijani, yaani zile za mteremko wa taratibu, juu ya theluji iliyoshindiliwa ikawa karibu na barafu. Hakucheka. Alizirudisha ukutani mbao tatu alizokuwa ameanza kuzishusha.

Uzito ndio ulioniaibisha zaidi, ingawa ni namba tu. Wazee wa pwani walipima vitu kwa mwili: kitambaa kwa dhiraa, kamba ya nanga kwa pima, kitu kidogo kwa shubiri. Watu wa ubao wa theluji nao wana kipimo chao cha mwili, na bado utakisikia kwenye viti vya kupandia: simamisha ubao mbele yako, ukifika kati ya kidevu na pua, ni wako. Mimi ni mrefu, sentimita 182, na ile 163 ilinigota kidevuni sawasawa. Kwa kidevu ulikuwa wangu kabisa. Kwa mizani ya kliniki, ambayo niliipanda siku moja muuguzi alipotoka kidogo, nina kilo 68.

Ubao haujui urefu wa mtu. Unajua kinachoukandamiza. Ndani yake mna mti, mara nyingi mpopla au paulonia, vipande vyembamba vilivyogandishwa ubavu kwa ubavu. Juu na chini ya mti mna faiba, kama ile ya boti. Chini kabisa plastiki ya kutelezea, na pembeni ukanda mwembamba wa chuma, hayo ndiyo makali. Mbavu zake zimekatwa kwa ndani zikaacha kiuno. Unapoulaza upande, uzito wako unaukunja kidogo kama upinde, na ubao unaufuata ule mkunjo ukachora kona. Kona yote imo humo. Asiye na uzito wa kuukunja atakwenda moja kwa moja kama garimoshi, hata awe hodari namna gani. Mwenye uzito mwingi juu ya ubao mfupi na laini ataukunja kupita kiasi, na akiingia kwenye theluji laini pua itazama, yeye aifuate. Ndiyo maana majedwali ya viwanda huanza na kilo. Ubao wa 158 kwa kawaida huandikiwa mtu wa kilo kama 70 hadi 90. Mpwa wangu ananifika begani, lakini ana kilo 79 za nyama iliyoshiba, na ubao anaopanda ni wa 157. Mimi mjomba wake, mlingoti, nilitoka dukani na 155. Tulipoziegemeza pamoja kwenye gari nilijikuta nauinua wangu kidogo kwa ncha ya kiatu.

Mguu nao una kesi yake. Unyayo wangu una sentimita 29, buti namba 44, na buti lenyewe huongeza sentimita nyingine mbili tatu. Kiuno cha ule ubao wa zamani kilikuwa cha 25. Watu husimama juu ya ubao wakiwa wameukabili upande, kwa hiyo kisigino na vidole hutokeza nje kidogo, na kidogo hicho kinatakiwa, ndicho kinachokupa nguvu ya kuulaza. Kikizidi, ncha ya buti inagusa theluji kabla ya makali kushika, na mtu hurushwa. Haelezwi kwa nini. Anasikia tu amerushwa. Kwa msimu mzima nilidhani kasoro yangu ni woga, nikajihimiza niulaze zaidi, na kadiri nilivyojihimiza ndivyo nilivyokokota buti na kuanguka kwa kishindo zaidi. Nilikuwa nimejishtaki kwa kosa la sentimita tatu. Mbao pana zipo, huandikiwa herufi W baada ya urefu, na kiuno chake hufika 26 au zaidi. Mwenye mguu mdogo asizikimbilie: itamchukua muda kuuhamisha ubao kutoka ukingo wa kisigino hadi ukingo wa vidole, kama anayesukuma geti wakati alihitaji kufungua dirisha.

Mguu upi utangulie, hilo halina jedwali. Walinivua viatu, wakaniambia nikimbie kidogo nijiburuze kwa soksi kwenye sakafu. Msikitini huingia kwa mguu wa kulia, chooni kwa wa kushoto. Wa kuingilia mlimani hakuna ustadhi aliyenifundisha. Ulitangulia wa kulia wenyewe. Wengi hutanguliza wa kushoto, na sisi wachache wameturushia jina la gufi. Mama angefurahi kujua ni wa kulia.

Ipo namba nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nikae kwenye benchi la kujaribia buti nikawaza hadi mpwa wangu akadhani nimechoka. Ni ya ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Ubao wa 2 au 3 hupinda kirahisi, husamehe, hupendwa na anayejifunza na anayecheza kwenye vyuma na vijilima vya kuruka. Wa 8 au 9 hautaki mzaha. Ni wa kasi na miteremko mikali, hautetemeki, lakini ukiusemesha kwa sauti ndogo haukusikii. Wa 5 uko katikati. Ndivyo walivyosema. Nikamuuliza kijana: 5 ya nani? Akatabasamu, akakiri kwamba kila kiwanda kina 5 yake. Hakuna kipimo cha pamoja. Ubao wa 6 wa kampuni moja waweza kuwa laini kuliko wa 5 wa jirani yake.

Namba hiyo naijua. Kila siku ya kazi huihamisha kutoka Kiingereza: mama, maumivu yako, kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi? Siri za chumba kile hubaki chumbani, lakini hili ni la wengi na halina mwenyewe. Wazee wetu hulitazama swali kama sahani ngeni. "Yapo, mwanangu." Nafasiri: anasema yapo. Daktari anataka namba. Mwingine husema mbili, kwa adabu, asije akaonekana analalamika kwenye nyumba ya watu, na mkono wake wote umeshika ukingo wa kiti. Mwingine husema nane huku anacheka. Namba imetoka, imeandikwa kwenye kompyuta, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hiyo mbili na ile nane zimepishana njiani. Siruhusiwi kuirekebisha. Naweza tu kumwomba daktari aulize tena kwa namna nyingine: hulala usiku? Hupanda ngazi? Hubeba ndoo? Hapo maumivu huanza kusemeka, na ukiyatazama maswali hayo, yote yana hu-.

Kijana wa duka alifanya vivyo hivyo bila kujua. Aliacha namba, akanipa mbao mbili, akaniambia niweke ncha chini, mkono mmoja juu, wa pili nikandamize katikati. Nikakandamiza, nikatega sikio.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "unachagua tikiti?"

Ndiyo, nilikuwa nachagua tikiti. Na kusema kweli mkono uliniambia mengi kuliko 5 na 6.

Halafu likaja la umbo la chini, na hapa nikapotea kabisa, kwa sababu mpwa wangu alisema ubao huu una kamba. Nikaitafuta kamba, sikuiona. Kumbe ni kemba, jinsi katikati ya ubao inavyoinuka ukiulaza sakafuni, ncha mbili zimegusa chini, kama upinde uliofunikwa. Ukisimama juu yake unabonyea, na makali yote yanaishika theluji kwa urefu wake. Kinyume chake ni roka: katikati iko chini na ncha zimeinuka, tumbo la mtumbwi. Roka huelea kwenye theluji laini na haimkwazi mgeni. Kwenye barafu hucheza kama mtumbwi usio na matengo. Siku hizi mbao nyingi huchanganya, kemba chini ya miguu na roka nchani. Huku mashariki mwa Marekani, ambako theluji huyeyuka mchana ikaganda usiku, nikaambiwa nisijidanganye na mitumbwi. Nichukue wenye makali yanayoshika, na nijifunze kuyanoa kwa tupa.

Kamba yenyewe ilikuwapo zamani. Siku ya Krismasi ya 1965, huko Muskegon, jimbo la Michigan, mhandisi Sherman Poppen aliziunganisha ski mbili ubavu kwa ubavu ili binti zake wapate kuchezea mlimani wakiwa wamesimama. Mkewe akalipa dude hilo jina la Snurfer. Baadaye likatiwa kamba puani, mpandaji akaishika kama anayeongoza mbuzi. Miguu haikufungwa popote. Mmoja wa waliolipanda utotoni ni Jake Burton Carpenter, ambaye mwaka 1977 alihamia Vermont, kijiji cha Londonderry, akaanza kuchonga mbao zake mwenyewe. Jina lake la ukoo maana yake seremala, sikulibuni mimi. Alizichonga, akazivunja, akazichonga tena, na kutoka hapo ikakua kampuni ya Burton, ambayo makao yake leo yako hapahapa Burlington. Milima ilimfungia milango kwanza. Stratton ilikuwa miongoni mwa ya mwanzo mikubwa kufungua, mwaka 1983, tena wapandaji walipewa mtihani kabla ya kuruhusiwa kwenye kiti. Mad River Glen, humuhumu Vermont, mpaka leo ni ya ski peke yake, na wanaojali hilo hulijali sana kuliko mimi.

Kwenye Olimpiki ubao uliingia Nagano, mwaka 1998. Nilikuwa mtoto wa sekondari Tanga na habari za ubao hazikunifikia. Iliyonifikia ni ya Mkenya, Philip Boit, mkimbiaji aliyevalishwa ski akashindana kilomita 10 na watu waliozaliwa nazo. Alimaliza wa mwisho. Bingwa wa siku ile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari hadi akafika, akamkumbatia. Nadhani ile picha ya kichwani, maana redio haina picha, ndiyo iliyoninunulia ubao wa 163. Nilikuwa nimeshajiwekea mtu wa kunisubiri mwisho wa mteremko. Sikuwa nimeuliza Boit alikimbia mazoezini kilomita ngapi kabla ya kukumbatiwa.

Nilichochukua ni 155W, wenye pua ndefu kidogo kuliko mkia. Mpwa wangu alinisihi nichukue pacha, ambao pua na mkia ni mamoja, kwa kuwa yeye hutua akitazama nyuma na huona ni dhambi ubao kuwa na mbele. Nikamwambia mimi huteleza nikitazama niendako. Akakubali kwamba hilo angalau nililijibu vizuri.

Usiku wa kwanza nao, Bolton, njia ileile ya kijani, nilifikiria kukata kona na kona ikawa imekatwa. Nilisimama pembeni nikaangalia mstari niliouchora, mwembamba, umeinama, kama herufi ya ra iliyoandikwa na mtu asiye na haraka. Kisha mtoto wa miaka sita hivi akanipita akiimba. Ile 163 sikuiuza. Imesimama gereji, imeegemea ukuta, na kila nikitoa gari taa zinaupata mlima uliochorwa juu yake.

Novemba iliyopita ilikuwa zamu ya binti yangu. Ana miaka 10 na kilo 31. Kwa watoto maduka ya huku hukodisha kwa msimu mzima: unachukua Novemba, unarudisha majira ya kuchipua, mwaka ujao anapewa mkubwa zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, tulifundishwa, lakini aliyesema hivyo hakuwa na mtoto anayeongezeka sentimita sita kwa mwaka kwenye nchi ya theluji. Kijana alileta mbao mbili, ya 120 na ya 130. Akaeleza kwamba ya 120 ndiyo ya kilo zake, ataikunja, ataifurahia. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimeshamhakikishia mke wangu kwamba haya mambo sasa nayajua. Na bado mdomo wangu, wenyewe, bila kuniomba ruhusa, ulisema, "Lakini atakua."

Kijana akanyamaza. Nikaona haya, nikageuka kumtafuta mwenyewe tumuulize. Alikuwa amesimama kando ya ile ya 130, mgongo wima, kidevu juu, na visigino vyote viwili havikugusa sakafu.